Kura ya Ami Ilipofika Saint Paul

Mwaka 2004 nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya siasa mjini Saint Paul, makao makuu ya jimbo la Minnesota, nikiishi kwa ami yangu, mdogo wake baba, ambaye aliondoka Mombasa miaka mingi kabla yangu na baadaye akapata uraia wa Marekani. Uchaguzi wa Novemba 2 ulikuwa wa kwanza kwake kumpigia kura rais wa nchi hiyo. Asubuhi hiyo alipotoka kazini zamu ya usiku alipitia kituoni, akajiandikisha papo hapo, kwa kuwa sheria ya Minnesota inamruhusu raia kujiandikisha siku ile ile ya uchaguzi, akajaza kwa kalamu kiduara kilichokuwa kando ya majina ya John Kerry, mgombea urais wa chama cha Democratic, na mgombea mwenza wake John Edwards, kisha akarudi nyumbani na kibandiko chekundu kifuani. Kibandiko hicho hakukitupa. Alikihamishia ndani ya pochi yake, nyuma ya picha ya marehemu nyanya.

Kerry alishinda Minnesota lakini alishindwa nchini, kwa sababu jimbo la Ohio na wajumbe wake 20 wa kumchagua rais lilimwendea George W. Bush. Kushindwa huko ami alikupokea kwa utulivu. Kilichomkosesha raha ni maelezo niliyompa mezani siku chache baadaye, kwamba kwa mujibu wa katiba ya Marekani yeye hakumchagua Kerry, bali alichagua wajumbe kumi walioteuliwa na chama cha Kerry, ambao walikuwa bado hawajapiga kura. Nilimweleza kuwa kila jimbo hupewa wajumbe kwa idadi ya viti vyake katika Baraza la Wawakilishi, pamoja na maseneta wake wawili. Kwamba Minnesota, yenye wawakilishi wanane, ina wajumbe kumi. Na kwamba ukijumlisha majimbo yote na wajumbe watatu wa mji mkuu, Washington, unapata 538, ambapo mshindi anahitaji 270. Aliniuliza wajumbe hao kumi ni akina nani. Nilimjibu kuwa ni watu wa chama, na kwamba majina yao hayakuwamo hata kwenye karatasi aliyoijaza.

"Basi mimi nataka kuwaona," alisema. "Amana humpi mtu usiyemjua uso, mwanangu."

Wajumbe hukutana kila mmoja katika jimbo lake, na wakati huo siku yao ilikuwa Jumatatu inayofuata Jumatano ya pili ya Desemba. Mwaka huo siku hiyo iliangukia tarehe 13. Ami aliomba ruhusa kazini, akavaa suti aliyokuwa akiivaa siku za Idi na juu yake koti zito la baridi, tukaenda hadi kwenye jengo la Bunge la jimbo, lile lenye kuba ya marumaru nyeupe na farasi wanne wa rangi ya dhahabu juu ya lango, kazi ya msanifu Cass Gilbert. Nilikuwa nimelipita jengo hilo mara nyingi bila kulijali. Siku hiyo, nikipanda ngazi zake nyuma ya mtu aliyekuja kuifuata kura yake, niliona fahari ambayo sikuitarajia.

Shughuli yenyewe ilifanyika adhuhuri na haikuwa na makuu. Wajumbe kumi waliapishwa, wakakaa, wakapewa karatasi. Kila mmoja aliandika kwa mkono jina la anayemtaka awe rais katika karatasi moja, na jina la anayemtaka awe makamu wa rais katika karatasi nyingine. Karatasi hazikutiwa jina la mwandishi, kwa kuwa wakati huo kura za wajumbe wa Minnesota zilikuwa za siri.

Hizo karatasi mbili zina historia yake, na inafaa niieleze kwa sababu ndiyo iliyonifanya nitetemeke baadaye. Katiba ilipoanza kutumika, kila mjumbe aliandika majina mawili bila kusema yupi anamtaka kwa urais. Aliyepata kura nyingi alikuwa rais, na aliyemfuata akawa makamu. Katika uchaguzi wa 1800 wajumbe wa upande mmoja waliandika wote Thomas Jefferson na Aaron Burr, na wawili hao wakatoka sare, kura 73 kwa 73, ingawa kila mtu alijua Burr aligombea ili awe makamu tu. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 ndipo Jefferson akapatikana. Kutokana na hatari hiyo yalikuja Marekebisho ya 12 ya mwaka 1804, yanayomtaka mjumbe atenganishe kura ya rais na ya makamu. Kwa hiyo utaratibu niliokuwa nikiutazama ulibuniwa mahsusi ili jina la mgombea wa umakamu lisije likaingia kimakosa mahali pa rais.

Kura za urais zilisomwa. Kerry, Kerry, tena Kerry. Kisha ikatokea karatasi iliyoandikwa "John Ewards", bila hata herufi "d" ya kwanza. Minong'ono ilienea ukumbini. Ami alinishika mkono juu ya kiwiko.

"Amesema nani?"

"Edwards, ami."

"Kwa urais?"

"Ndiyo. Kwa urais."

Kura za umakamu ziliposomwa, zote kumi zilikuwa za Edwards. Kwa hiyo mjumbe mmoja alikuwa ameandika mtu yule yule mara mbili. Wajumbe walitazamana, na hakuna aliyejitokeza kusema kuwa karatasi ile ni yake. Matokeo yalibaki kama yalivyosomwa: Kerry tisa, Edwards moja. Wengi waliamini kuwa mjumbe huyo alichanganya karatasi, na mimi pia naamini hivyo, kwa sababu anayeasi kwa makusudi hutaka asikike. Lakini imani hiyo haikunipa faraja yoyote. Wananchi zaidi ya milioni moja wa jimbo hilo walikuwa wamemchagua Kerry, na sehemu moja ya kumi ya sauti yao ilipotea mbele ya macho yetu bila mtu wa kuulizwa.

Njiani kurudi ami alizungumzia mlolongo. Alikuwa kijana mwaka 1988, chama tawala cha KANU kilipowataka Wakenya wateue wagombea kwa kupanga foleni nyuma yao, mchana kweupe, huku chifu na wakubwa wa kazi wakiona nani amesimama wapi. Alisema kulikuwa na foleni ndefu zilizotangazwa kushindwa na fupi zilizotangazwa kushinda, na walioziona hawakuweza kusema kitu. Mlolongo uliachwa kabla ya uchaguzi wa 1992, na kwa watu wa rika lake kura ya siri ni kitu kilichopiganiwa. Nilidhani basi kwamba angeitetea siri ya wale wajumbe.

"La," alisema. "Siri ni yangu mimi mwenye kura, nisije nikaonewa. Huyu nimemtuma. Aliyetumwa ana siri gani na aliyemtuma?"

Nimesoma maandiko mengi ya wataalamu kuhusu wajumbe hawa tangu siku hiyo, na bado sijaona hoja iliyo wazi kuliko hiyo. Wajumbe wale hawakuwa wakikabiliwa na chifu wala mwajiri wa kuwatisha. Msimamo wao ulijulikana na ndiyo sababu waliteuliwa. Siri ile haikumlinda mwananchi yeyote.

Tarehe 6 Januari 2005 tulifuata kwenye televisheni kikao cha pamoja cha Bunge mjini Washington, kilichoongozwa na makamu wa rais Dick Cheney. Matokeo ya Ohio yalipingwa na mwakilishi Stephanie Tubbs Jones pamoja na seneta Barbara Boxer, mabaraza yakatengana kujadili pingamizi hilo, na likakataliwa. Jumla ya urais ikawa Bush 286, Kerry 251, Edwards 1. Ami alipoisikia ile moja alizima televisheni.

Baadaye Minnesota ilibadilisha sheria yake ili wajumbe wapige kura hadharani, na kura ya anayekwenda kinyume na ahadi yake isihesabiwe. Desemba 2016 mjumbe mmoja wa jimbo hilo alikataa kumpigia Hillary Clinton, mgombea wa chama chake. Kura yake iliwekwa kando, akateuliwa mwingine mahali pake, na kura zote kumi zikamwendea Clinton. Nilimpigia simu ami kumweleza. Aliuliza kwanza kama mjumbe huyo anajulikana, nikamwambia kuwa anajulikana kwa jina na sababu zake amezieleza hadharani. Akaniomba nimsomee sababu hizo. Hakukubaliana nazo hata moja, akaanza kuzijibu palepale kwenye simu, moja baada ya nyingine.