Tulivyoenda kuskii Chamonix kwa treni kutoka London, bila kupanda ndege

Mimi nimezaliwa Moshi, theluji nimekua nikiiona juu ya Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, kila mawingu yakifunguka asubuhi, lakini kuikanyaga nimekuja kuikanyaga ukubwani huku Ulaya. Sasa Februari 2023, likizo ile fupi ya katikati ya muhula, watoto wakanibana, wenzao darasani wanaenda kuskii, yaani kuteleza kwenye theluji, mama na sisi twende. Nikakubali, tukachagua Chamonix, mji wa milimani kule Ufaransa, ila nikamwambia baba watoto kitu kimoja tu, ndege hatupandi. Baba yangu mzazi ukikaa naye nje jioni anakuonyesha kwa kidole barafu ya Kibo ilikuwa inashuka mpaka wapi enzi zake za shule, na inajulikana kwamba tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imeshapotea. Nitapandaje ndege kwenda kucheza kwenye theluji wakati najua moshi wa hiyo ndege unafanya nini, moyo ulikataa kabisa.

Na hesabu ukizipiga utashangaa. Kwa takwimu za serikali ya Uingereza, abiria wa Eurostar, ile treni ya kutoka London mpaka Paris, anahesabiwa chini ya gramu 10 za hewa ukaa kwa kila kilomita, basi la safari ndefu kama gramu 30 hivi, ndege za safari fupi zinapita 100. Watu wanahangaika na mifuko ya plastiki hotelini wakati mzigo mkubwa wa safari ya kuskii ni kule kwenda na kurudi.

Kitu cha kwanza kabisa kwa sisi wenye pasi za nyumbani ni viza. Watoto wana pasi za Uingereza, mimi na baba yao za Tanzania, na kibali cha kuishi Uingereza hakikuingizi Ufaransa, lazima viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya. Maombi unaruhusiwa kupeleka mpaka miezi 6 kabla, sasa usije ukasubiri Januari halafu unasafiri Februari, nafasi za miadi zinaisha jamani. Sisi tulianza Septemba na tulipumua. Ukaguzi wa Wafaransa unafanyika hapo hapo stesheni ya St Pancras kabla hujapanda, ukifika Paris unashuka tu unaenda zako.

Tiketi tulitumia Interrail, ni tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi za Ulaya. Wengi wanadhani ni ya Wazungu peke yao, hapana, ukiwa mkazi wa Ulaya unaipata hata kama pasi yako ni ya Tanzania au Kenya, na watoto wa miaka 4 mpaka 11 pasi yao ya Interrail ni bure wakiwa na mtu mzima. Wetu walikuwa na 9 na 6, kwa hiyo hapo tuliokoa hela nyingi sana. Ila siti za Eurostar na TGV, zile treni za kasi za Ufaransa, unalipia pembeni, kila mtu na watoto pia, na zile za wenye Interrail ni chache kwa kila treni, kwa hiyo siku zinafunguliwa wewe weka nafasi siku hiyo hiyo.

Tulitoka London saa moja asubuhi. Nilibeba chapati, maharage makavu na chai ya rangi kwenye chupa, maana nyama na maziwa kutoka Uingereza huruhusiwi kuingia navyo kule. Masaa mawili na kidogo uko Paris Gare du Nord, na hapa ndo tulipokosea. Treni za milimani zinaondokea Gare de Lyon, upande mwingine wa mji, na tulijiachia saa moja tu katikati. Njia yenyewe ni rahisi, unashuka chini unachukua RER D, treni ya mjini, kituo cha pili ndo Gare de Lyon, lakini sisi tukafuata alama za metro tukapotea na mabegi manne na mtoto analia anataka choo, tukafika treni imeshaondoka. Tukalipia siti upya treni ya mbele na tukakaa pale masaa mawili. Kwa hiyo ukiwa na watoto jiachie masaa mawili Paris, kula, pumzika, usiige ratiba za wale vijana wanaokimbia na begi moja.

TGV mpaka Annecy, halafu treni ya mkoa mpaka Saint-Gervais, halafu kale katreni kadogo kekundu ka kwenda Chamonix, na hako hakasimuliki, mpaka ukaone mwenyewe. Kanapanda mlima mkali polepole, giza lilikuwa limeshaingia, mwanga wa madirishani unamulika theluji iliyorundikana ubavuni mwa reli karibu kabisa na kioo, binti yangu kabandika kiganja kwenye kioo mpaka kikaacha alama ya mvuke, ananong'ona mama iko hapa, iko hapa. Uchovu wote wa siku niliusahau.

Kule gari halihitajiki. Skii, buti na kofia ngumu tulikodi pale pale, usibebe chochote kutoka nyumbani zaidi ya nguo. Mwenye nyumba tuliyopanga alitupa kadi ya mgeni, na kwa kadi hiyo mabasi ya bonde na treni kuanzia Servoz mpaka Vallorcine unapanda bure. Kila asubuhi basi mpaka Le Tour, kwenye mteremko wa wanaoanza unaitwa La Vormaine, basi zima limesimamisha skii kama msitu wa miwa na sakafu imelowa chapachapa. Siku ya tatu watoto walikuwa wanashuka wenyewe.

Siku ya nne tulipumzika kuskii, tukapanda treni ya meno ya Montenvers, inayopanda mlima kwa gurudumu la meno linaloshika reli, kwenda kuona barafu ya Mer de Glace. Treni hiyo ilijengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, zamani wageni wakishuka wanaikuta barafu karibu tu. Sisi tulishuka kwa vibehewa vya kamba, halafu ngazi za chuma zaidi ya 500, na njiani kuna vibao vinaonyesha barafu ilifika hapa mwaka fulani. Kibao cha 1990 tulikikuta bado tuna ngazi nyingi sana za kushuka. 1990 mimi nilikuwa darasa la kwanza. Nilisimama nikampigia baba Moshi kwa video nikamwonyesha kile kibao, kisha nikageuza simu kule chini barafu ilipo sasa, akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Mwanangu, kumbe na wao."

Kurudi tulilala Paris usiku mmoja ili tusikimbizane tena. Walioko Amsterdam au Hamburg wana nafuu kuliko sisi, kuna Nightjet, treni za usiku zenye vitanda, za kwenda Innsbruck kule Austria, unalala unaamkia milimani. Hiyo ndo ninayoiulizia sasa hivi kwa ajili ya shangazi wa watoto wangu aliyeko Hamburg, anataka tukutane naye huko.