Masahihisho Madogo

Waliponiita tena ndani, mwenyekiti wa jopo lililosikiliza utetezi wa tasnifu yangu ya uzamivu alisimama kabla sijafika kwenye kiti. "Hongera sana. Umefaulu, kwa sharti la masahihisho madogo ndani ya miezi 3." Tukapeana mikono. Nje wenzangu wa maabara walinipokea kwa vigelegele, na jioni nzima kila mtu aliniita daktari. Kwa kanuni za chuo, sikuwa bado. Udaktari hutunukiwa na seneti, na jina halifiki seneti mpaka nakala ya mwisho ya tasnifu ipokewe maktaba. Kipindi hicho cha katikati wengi hukipita kwa kunung'unika. Mimi nakikumbuka kuliko hata utetezi wenyewe.

Ripoti ya pamoja ya watahini ilinifikia siku chache baadaye. Tasnifu yangu ilihusu namna ya kugundua beringi za mota za umeme zinazoanza kuharibika kwa kupima mtetemo wake: kihisi kinabandikwa kwenye mota, na programu inajifunza kutofautisha beringi nzima na iliyochimbika. Sehemu ya majaribio nilitumia data za mtetemo wa beringi za Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, ambazo watu wengi wa fani hii huanzia hapo. Mtahini wa nje alizijua data hizo vizuri. Aliandika kwamba vipande vya mtetemo wa beringi ile ile vikiwekwa upande wa mafunzo, ambako programu hujifunza, na pia upande wa jaribio, ambako hupimwa, programu itapata alama za juu kwa kuikariri beringi yenyewe, bila kuijua hitilafu. Nilikuwa nimetenganisha beringi kwa beringi, na nilimjibu hivyo siku ya utetezi. Sasa alitaka jambo hilo liandikwe waziwazi, liwepo jedwali la kuonyesha beringi ipi ilikwenda upande upi, na kila grafu ya matokeo ionyeshe jinsi matokeo yanavyotofautiana majaribio yanaporudiwa.

Msimamizi wangu alinifundisha kuandaa jedwali la masahihisho. Safu ya kwanza ina maoni ya mtahini kama alivyoyaandika, ya pili ina nilichofanya, ya tatu inataja ukurasa na mstari. "Usimwandikie 'imerekebishwa'," aliniambia. "Mnukulie sentensi mpya hapo hapo, asihangaike kupekua tasnifu nzima. Na pale usipokubaliana naye, mweleze sababu kwa heshima." Palikuwa na hoja moja ya namna hiyo. Mtahini alipendekeza nilinganishe njia yangu na nyingine mpya zaidi, ambayo inahitaji mifano mingi ya hitilafu iliyokwisha kutambuliwa. Nilimweleza kwamba tatizo langu zima lilianza kwa sababu viwandani mifano hiyo haipatikani: mota ikiharibika hufunguliwa, beringi ikatupwa, kazi ikaendelea. Alikubali, akaniomba niiweke hoja hiyo kwenye sura ya kwanza. Ndiyo aya ninayoipenda kuliko zote katika tasnifu ile, na nisingeiandika bila yeye.

Mtahini wa ndani, ambaye ndiye aliyepewa kazi ya kuthibitisha masahihisho, alilipitia jedwali mstari kwa mstari akasaini. Zikafuata fomu.

Fomu ya hakimiliki haikunisumbua. Sura mbili zilikuwa zimekwisha kutoka kama makala, moja katika mkutano wa IEEE, chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme na elektroniki, na IEEE humruhusu mwandishi kutumia makala yake ndani ya tasnifu bila kuomba leseni rasmi, mradi aweke tamko la hakimiliki lenye mwaka, na atumie nakala yake iliyokubaliwa badala ya ile iliyopangwa na mchapishaji. Mchoro mmoja nilioazima kwenye kitabu cha watu wengine ulihitaji barua ya ruhusa, nikaiweka kwenye viambatisho. Fomu iliyonigusa ni ile ya mchango wa waandishi wenza: nani alibuni wazo, nani alipima, nani aliandika, kila mmoja na saini yake. Nilizunguka nayo kwa furaha. Kazi ya uzamivu hubeba jina moja tu kwenye jalada, na mahali hapo ndipo wengine wanapotajwa kwa haki.

Kisha likaja suala la zuio, yaani kuifungia tasnifu kwa muda isisomwe na umma. Msimamizi alikuwa anaandaa ombi la hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, kwa namna tuliyokifunga kihisi, nami niliona tasnifu moja kwenye rafu ya maktaba haiwezi kumdhuru mtu. Akanisimulia kesi ya mwaka 1986, ambapo mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba tasnifu iliyoorodheshwa katika katalogi ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, ilitosha kuhesabiwa kuwa imechapishwa, na ombi la hataza likakataliwa. Marekani humpa mvumbuzi mwaka 1 wa kuomba hataza baada ya kutangaza kazi yake. Chini ya Mkataba wa Hataza wa Ulaya, kwa kawaida hakuna nafuu hiyo. Tukaomba zuio la miezi 12. Ila jina la tasnifu na ikisiri, yaani muhtasari wake, huonekana hata wakati wa zuio, kwa hiyo ikisiri niliiandika upya, nikieleza tulichopata bila kufichua jinsi kihisi kilivyofungwa.

Iliyobaki ilikuwa faili yenyewe. Maktaba ilipokea PDF/A peke yake, muundo wa kuhifadhi nyaraka kwa muda mrefu uliowekewa kiwango cha ISO 19005 mwaka 2005. Kila fonti lazima iwe ndani ya faili, na katika toleo la kwanza la kiwango hicho rangi zinazopenyesha nuru haziruhusiwi. Programu ya ukaguzi iliikataa faili yangu, na kurasa ilizozitaja zilikuwa zile zenye grafu mpya. Ule ukanda hafifu kuzunguka kila mstari, niliouchora ili kumwonyesha mtahini tofauti za matokeo, ulikuwa wa rangi ya kupenyesha.

Mkutubi, mama mtu mzima, aliketi nami mbele ya kompyuta. Nilimwambia kwenye skrini yangu grafu zinaonekana sawa kabisa. "Kwako leo, ndiyo, mwanangu. Mimi namtunzia mtu atakayeifungua ukiwa hupo wa kumweleza." Nikazichora upya: ukanda wa kijivu hafifu usiopenyesha, umewekwa chini, na mistari ikapita juu yake. Zilisomeka vizuri kuliko za awali, hata zikichapwa kwa wino mweusi. Ukaguzi ukapita. Akanipa stakabadhi, nikaipeleka ofisi ya masomo ya uzamili, na jina langu likaingizwa kwenye orodha ya seneti.

Leo nasimamia wanafunzi wangu mwenyewe. Jedwali lile la masahihisho bado ninalo, nami humpa kila mmoja nakala mwaka wake wa kwanza, ili alisome swali la yule mtahini kuhusu beringi kabla hajaanza kugawa data zake.