China au Marekani: unasoma chati ipi?

Mjadala wa tabianchi ukipamba moto, hauchukui muda kufika palepale. Mmoja anasema China ndiyo mchafuzi mkuu, mwingine anakuja juu na kusema ni Marekani, na kila mtu ana chati kwenye simu yake. Kinachonikera ni kwamba chati zote mbili ni za kweli.

Ya kwanza inahesabu mwaka mmoja tu. Mwaka 2023, China ilitoa karibu asilimia 31 ya hewa ukaa yote iliyotokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na viwanda vya saruji duniani. Marekani ilitoa kama asilimia 13. Hapo hakuna ubishi: zaidi ya nusu ya umeme wa China unatokana na makaa ya mawe, na karibu nusu ya saruji ya dunia inatengenezwa huko.

Sasa shika kalamu. Tani bilioni 12 hivi, gawanya kwa watu bilioni 1.4: unapata tani nane na nusu kwa kila Mchina. Upande wa pili, tani bilioni 4.9 kwa watu milioni 335: zaidi ya tani 14 kwa kila Mmarekani. Aliyekuwa anashangilia dakika mbili zilizopita ghafla anataka tubadilishe mada.

Halafu kuna historia. Sehemu ya hewa ukaa hudumu angani kwa karne nyingi, kwa hiyo sehemu ya moshi wa treni za makaa za karne ya 19 bado tunayo. Ukijumlisha tangu mwaka 1850, karibu robo ya hewa ukaa ya makaa, mafuta na gesi ni ya Marekani. China, pamoja na viwanda vyake vyote, ina kama asilimia 15. Nikilazimishwa kuchagua chati moja, nachukua hii, kwa sababu joto la leo linatokana na mrundikano, si moshi wa mwaka jana peke yake.

Na bidhaa je? Simu imeunganishwa Shenzhen, imenunuliwa Chicago. Moshi wake ni wa nani? Hesabu rasmi za Umoja wa Mataifa zinauandika pale ulipotokea, yaani China. Ukiuhamishia kwa mnunuzi, mzigo wa China unapungua kwa kama sehemu moja ya kumi na wa Marekani unaongezeka. Pengo linapungua, lakini haliishi.

(Angalia pia kama chati yako ina hewa ukaa peke yake au gesi joto zote. Methani ikiingia, asilimia zote zinasogea, na watu hulinganisha chati hizo mbili bila hata kujua.)

Lakini wanaoitetea China kwa hoja ya "wako wengi" nao siwaachi. Mwaka 1992, mkataba wa tabianchi ulipotiwa saini Rio, Mchina wa kawaida alikuwa na tani mbili na ushei, na hoja hiyo ilisimama yenyewe. Leo wastani wake umeshaupita ule wa Umoja wa Ulaya. Wingi wa watu hauwezi kueleza hilo, maana tumeshagawanya kwa vichwa.