Mchele chini ya kitanda

Ulikuwa mfuko wa kilo tano, nimeufunika kanga kuukuu ndani ya sanduku langu la safari, na pembeni yake makopo manne ya samaki. Niliuficha mwishoni mwa Machi 2020, saluni niliyokuwa nasuka ilipofungwa kwa ajili ya korona na mwenyewe akatuambia twende tukangoje kuitwa. Mshahara wa mwezi ule sijauona hadi leo.

Nilikuwa naishi Satwa, Dubai, kwenye nyumba ya vyumba viwili iliyogawanywa kwa mbao mpaka ikaenea watu kumi na mmoja. Kule wanaita bedispesi: unakodi kitanda, siyo chumba. Wanane walikuwa Wafilipino, wawili Wanepali, na mimi wa Tanga. Mkubwa wetu alikuwa mama mmoja wa Cebu, kisiwa cha Ufilipino, mfanya usafi wa maofisini, ambaye nyumba nzima ilimwita Ate, yaani dada mkubwa. Mimi naye aliniita Dada. Neno alilisikia kwangu akadhani ndilo jina langu, na alipojua maana yake alicheka sana, kisha akaendelea nalo.

Asubuhi walikaanga tuyo, samaki wadogo wa chumvi waliokaushwa juani. Wanepali walikuwa wakifungua madirisha yote. Mimi niliyekulia kwenye ng'onda nilikuwa nikivuta ile harufu nikajiona nipo kwetu.

Kwenye pesa lakini nilikaa nao mbali. Walikuwa na mchezo wanaouita paluwagan, ambao ni upatu mtupu: kila mwezi kila mtu dirhamu 300, anapokea mmoja, mwezi ujao mwingine. Walinialika mara mbili nikakataa. Mama yangu alishalizwa na upatu. Mshika fedha aliaga anakwenda msibani Handeni, na msiba huo haujaisha mpaka leo.

Jumamosi tarehe 4 Aprili ikatangazwa kwamba Dubai nzima hakuna kutoka, saa 24, kwa wiki mbili. Ukitaka kwenda dukani uombe kibali kwa mtandao. Usiku huohuo Ate akatuita jikoni. Zamu ya kupokea mwezi ule ilikuwa yake, na sote tulijua pesa ile ina kazi gani: mabati ya nyumba yake Cebu. Kati ya wanane, watano tu ndio walioweza kutoa. Akaziweka dirhamu 1,500 juu ya friji.

"Mabati hayaozi," akasema.

Akafungua daftari la mchezo, akafunua ukurasa mpya na kuandika majina ya waliomo nyumbani, siyo ya waliomo mchezoni. Nikaliona langu, la tisa.

"Ate, mimi simo."

"Kula unakula?"

"Nakula."

"Basi umo."

Nikanyamaza. La sanduku sikulitaja.

Wafilipino wana neno bayanihan, la tangu enzi za majirani kubeba nyumba ya mtu mzimamzima kwa mianzi mabegani anapohama. Kwetu ningeita msaragambo. Ila usiku ule hakuna aliyelitamka. Walikuwa wanabishana kama mafuta yanunuliwe lita tano au kumi.

Siku ya tatu yake homa ikaniangusha. Kupimwa sikupimwa, lakini asubuhi niliyoamka nikasikia tuyo ikichatata kikaangoni na pua haikuniambia kitu, nilijua. Wenzangu wanne wa chumbani wakabeba magodoro wakaenda kubanana sebuleni, wakaniachia chumba kizima. Mlangoni waliweka kigoda. Ukisikia kugongwa mara mbili, hesabu mpaka ishirini, fungua. Unakuta lugaw, uji wa mchele wenye tangawizi na kitunguu saumu, yai la kuchemsha limekatwa juu.

Mama alipiga simu kutoka Tanga. "Mwanangu, piga nyungu!" Aprili ile nyumbani wimbo ulikuwa kujifukiza. Nilipomweleza Ate kupitia mlangoni akacheka mpaka akakohoa. Kwao Cebu huiita tuob, na mama yake naye alikuwa ameshampigia. Baada ya dakika chache sufuria ikawa kwenye kigoda, maji yanatoka moshi, malimao yanaelea. Sisemi iliniponya.

Ijumaa Kuu, tarehe 10, bakuli lililoletwa lilikuwa la binignit, wanayokula watu wa Cebu siku hiyo: viazi vitamu, ndizi, punje za sago, vyote ndani ya tui na sukari. Nikafunua nikabaki nimeshika kifuniko. Futari! Pungufu hiliki tu. Na Ramadhani ilikuwa bado wiki mbili.

Nilikuwa sijamaliza alipoingia mwenyewe, barakoa usoni na glovu zake za kazini, kuja kunibadilishia shuka lililoloa jasho.

"Jingine liko wapi?"

Kabla sijafikiri mkono wangu ulishaonyesha chini ya kitanda. Nikamsikia anavuta sanduku. Zipu. Halafu kimya, kirefu kuliko cha mtu anayetafuta shuka. Zipu tena. Akatandika, akanipapasa mguu juu ya blanketi, akaniambia nile binignit yote nisibakize.

Baada ya siku kumi za kujifungia nikatoka, mfuko wa mchele kifuani, makopo kwenye kanga. Maneno ya kuomba radhi nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri. Ate alikuwa anakata vitunguu na hakugeuka.

"Weka pale. Halafu kaandike kwenye daftari, mikono yangu michafu."

Nikafungua ule ukurasa. Wanepali: dengu. Kijana wa kitanda cha mlangoni: dirhamu 100, kutoka dola 200 za AKAP, msaada ambao serikali yao ilianza kuwapa mwezi ule wafanyakazi wa nje waliopoteza kazi. Nikatafuta pa kuandika langu, nikakuta limeshaandikwa, kwa mwandiko wake wa kulalia upande: Dada, bugas kilo 5, kopo 4.

Tarehe aliyoweka pembeni ilikuwa 4 Aprili.