Nilivyoliingiza Jani la Saintpaulia katika Udongo

Kwa muda mrefu wateja wangu wa Muheza walinishauri nifinyange tembo na twiga, kwa kuwa, walisema, maua hayauziki. Ushauri huo uliniudhi, maana nimekulia chini ya Milima ya Usambara, na Saintpaulia ionantha, ua la asili ya milima hiyo ambalo mtaalamu wa mimea Hermann Wendland alilipa jina hilo la kisayansi mwaka 1893 kwa heshima ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, hupandwa katika vyungu vya madirishani kote Ulaya ilhali sisi wenye milima tunalipita tu.

Sikuchuma mmea wowote katika hifadhi ya msitu ya Amani. Nilipewa jani moja na mama mmoja aliyekuwa na mche barazani. Jani hilo, likichomekwa na kikonyo chake katika udongo wenye unyevu, huotesha miche mipya lenyewe, na miche hiyo ndiyo iliyonipa majani ya kazi.

Kazi ilikuwa katika alama ya jani. Mfinyanzi mmoja alisisitiza nilipake mafuta kisha niligandamize katika kigae kibichi. Nilifanya hivyo mara nne, na mara zote vinyweleo vya jani vilinasa udongo na kuung'oa, ukabaki mpasuko mahali pa mishipa. Nikalikausha kati ya magazeti kama wafanyavyo wataalamu wa mimea, lakini jani lile nene lilisinyaa likapoteza umbo lake. Hatimaye niliuchekecha udongo kwa kitambaa cha kanga, nikaukoroga hadi ukawa kama uji mwepesi, nikaupaka kwa brashi upande wa chini wa jani bichi, ambako mishipa imeinuka, nikingoja kila tabaka lipoteze mng'ao kabla ya kuongeza jingine. Baada ya matabaka sita nikaegemeza udongo mzito nyuma yake, nikaliacha jani humo humo liungue tanurini. Moto niliupandisha polepole mno, hasa karibu na nyuzi 573 za Selsiasi, ambapo chembe za madini ya kwatzi zilizomo katika udongo hutanuka ghafla na kupasua vyombo. Kuni zilinigharimu kama mara mbili ya kawaida. Nilipofungua tanuri, hata matundu ya vinyweleo yalionekana, na nililia kwa furaha.

Maua yenyewe niliyakosea kwa namna nyingine. Nilifinyanga kumi na mawili, yote yakiwa na kile kijiti kinachopokea chavua kimeinamia kulia, mpaka mtaalamu wa mimea aliponipa lenzi yake nikaona kwamba maua mengine hukiinamisha kushoto, kinyume kabisa na wenzake, huku vifuko viwili vya manjano vya chavua vikielekea upande wa pili. Niliyavunja yote kumi na mawili siku hiyo hiyo. Udongo wangu husinyaa sentimita moja katika kila kumi, hivyo sasa huyapima maua hai kwa rula, nikaongeza sentimita moja kwa kila tisa, na katika kila sahani huweka ya kushoto na ya kulia.