Stima imerudi, klasta imegoma

Jamani watu wa seva wa Malindi mpo? Stima ilikatika usiku kucha, iliporudi klasta yetu ya Kubernetes (mashine tatu zinazoendesha programu zetu kwa pamoja) ikagoma kabisa, kila nikipiga kubectl, amri ya kuiongoza klasta, inaniambia seva haipatikani. Basi nikaingia moja kwa moja kwenye logi, journalctl -u kubelet (kubelet ndiyo programu ya Kubernetes iliyo kwenye kila mashine), na kweli jibu liko pale pale, swopu, ile sehemu ya diski inayosaidia RAM, imewaka, na kubelet kwa kawaida hukataa kuanza ikiikuta! Fundi aliyeifunga mwanzo alipiga swapoff -a akaenda zake, na hiyo inazima mpaka mashine iwashwe upya tu, dawa yake ni kuutoa ule mstari wa swopu kwenye /etc/fstab, faili ambalo mashine husoma ikiwaka.

Nikafikiri tumemaliza, kumbe wapi. Mashine moja ya mtumba bado yalia x509, yaani kosa la cheti cha usalama, ati cheti muda wake haujafika, nikapiga date nikaona wallahi iko mwaka 2015 😂 Kibetri cha ndani kinachotunza saa, kile cha mviringo kama shilingi, kimekufa, na intaneti nayo ilikuwa haijarudi ije kusawazisha saa. Nikanunua kingine kwa fundi wa saa, intaneti iliporudi chrony, programu ya kusawazisha saa, ikashika, mashine ikasoma Ready, yaani iko tayari.

Sasa bosi asema mashine tatu za nini, tubaki na mbili tubane matumizi. Nimemwambia bosi etcd, hifadhidata ya klasta, yataka mashine zilizo hai ziwe zaidi ya nusu, zikiwa tatu moja ikilala kazi yaendelea, zikiwa mbili moja ikilala klasta haipokei amri tena. Hajajibu, yuko kwenye hesabu zake.