Usikremu maumbo ya molekuli, hesabu elektroni

Wanafunzi wa kidato cha tatu wengi ninaowasaidia na kemia hapa Kisumu wanakremu tu lile jedwali la maumbo, alafu likija swali la molekuli ambayo haiko kwa jedwali wanakwama, na inaniuma sana juu hii kitu haitaki kukremu hata kidogo.

Cheki kaboni dayoksaidi na maji. Zote atomu tatu tatu, lakini moja imenyooka na ingine imepinda. Kwa nini? Elektroni zina chaji hasi, zinasukumana, so kila kundi la elektroni (bondi, ama jozi ambayo haijashikana na atomu ingine) kwa atomu ya katikati linakaa mbali na mengine vile linaweza. Basi, hiyo ndio theori ya VSEPR (yaani kusukumana kwa jozi za elektroni za nje), wanakemia Sidgwick na Powell waliigusia 1940, alafu Gillespie na Nyholm wakaipanga vizuri 1957.

Kama huamini nenda soko la Kibuye ununue baluni nne, zipulize saizi moja uzifunge pamoja shingoni. Hazilali flati mezani hata uzikandamize, ukiachilia tu zinarudi kutazama pembe nne za piramidi yenye kitako cha pembetatu. Pasua moja, zile tatu zinajitandaza flati. Pasua ingine, mbili zilizobaki zinaangalia kila moja upande wake.

Sasa chora nukta na visalaba, ule mchoro wa elektroni za nje. Kaboni ina elektroni nne za nje, zote zimeingia kwa bondi mbili za mara mbili, na bondi ya mara mbili unaihesabu kundi moja (hapa ndio wengi huteleza). Makundi mawili, digrii 180, imenyooka. Oksijeni ya maji nayo ina sita, mbili zimeshikana na haidrojeni, nne zimebaki, yaani jozi mbili pweke. Jumla makundi manne, mpangilio ni ule wa baluni nne, ila jozi pweke hazihesabiwi kwa umbo, unaangalia tu atomu ziko wapi, na hizo zimepinda. Alafu jozi pweke inashikwa na atomu moja peke yake so inajitanua zaidi na kusukuma bondi zikaribiane: methani haina jozi pweke, pembe kati ya bondi zake ni digrii 109.5, amonia ina moja inashuka hadi kama 107, maji yana mbili, 104.5. Mi huona hizo namba tatu zikifuatana ni kitu kitamu sana. Na ni huko kupinda kunafanya maji yawe na upande chanya na upande hasi, ndio maana chumvi inayeyuka ndani yake.

Lakini usikimbilie kusema jozi pweke ni lazima zipinde molekuli. Jaribu XeF2. Xenoni ina nane, mbili zimeenda kwa florini, zimebaki sita, jozi tatu pweke. Makundi matano. Zile jozi tatu zinachukua nafasi za kiunoni, zimezunguka duara, florini moja inabaki juu na ingine chini, na molekuli imenyooka kabisa, digrii 180.